Sauti ni kazi jamani, soda hailipi

Najua nimepotea. Test zilinibana, halafu bando nalo likakata katikati ya wiki. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Wikiendi nilienda nyumbani Kiomboi. Mtoto wa dada yangu ana miaka minne, na asubuhi ukiwasha tu TV anakaa chini kabisa karibu na kioo anaangalia Akili and Me. Akili akiuliza swali, huyu bibie anajibu kwa nguvu zote. Nikajifanya mjanja, nikaiga sauti ya Akili nikiwa jikoni. Akanigeukia kwa dharau: “Mama mdogo, siyo wewe. Akili yuko huku.”

Nimecheka wee! Lakini kwenye basi la kurudi Singida mjini nikawa najiuliza, hivi yule anayemfanya mtoto wa Kiomboi ajibu TV ni nani? Anaishi vipi? Analipwaje?

Kwa wasiojua, Akili and Me na Ubongo Kids vinatengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo. Ubongo Kids ilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014. Na kuna jambo moja limenifurahisha sana mimi mtu wa debiti na krediti: Doreen Kessy, dada aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa pale upande wa biashara, alikuwa pia akiingia studio kuwapa wahusika wa katuni sauti. Yaani mezani mikataba na bajeti, studio katuni. Tangu nilijue hilo sitaki mtu aniambie mwanafunzi wa uhasibu hana cha kufanya kwenye sanaa.

Watu wanadhani kazi yenyewe ni kubana pua na kuongea kitoto. Hapana. Katuni ikitengenezwa upya, mara nyingi sauti hurekodiwa kwanza, halafu wachoraji ndio wanaufuatisha mdomo. Kwa hiyo pale studio mwigizaji anacheka, analia na kukimbizwa na fisi akiwa amesimama mbele ya maiki, bila kuona picha yoyote iliyokamilika. Kuingiza sauti kwenye filamu ya kigeni ni kinyume chake: mdomo umeshachezwa, wewe ndiye unayeufukuzia. Mliomuona Doudou na mama wakwe zake TBC mwaka 2011, yule Mchina aliyeongea Kiswahili, mnakumbuka. Sasa chukua neno fupi la kigeni, Kiswahili chake kina silabi sita, na mdomo wa mtu umeshafungwa. Utafanyaje? Hapo ndipo ufundi ulipo.

Na wanawake ndio wanaobeba sauti nyingi za watoto, hata wa kiume, kwa sababu mtoto wa kiume mwenyewe sauti inavunjika akibalehe wakati katuni bado inaendelea. Bart Simpson ni mwanamke, Nancy Cartwright, tangu 1987. Goku wa Dragon Ball, yule anayewapiga wote mnayemshangilia hosteli? Kwa Kijapani ni Masako Nozawa, mama aliyezaliwa 1936, na ameanza kumwigiza 1986. Nyie wakaka wa block B, hehehe, mmekuwa mkimshangilia bibi.

Sasa hasira yangu. Mwaka jana kuna jamaa hapa mjini (simtaji) aliniomba nimwekee sauti kwenye kikatuni cha tangazo. Nikaenda, tukarekodi karibu saa tatu nzima, mtoto, bibi na mbuzi wote mimi. Malipo: soda, chapati mbili na “asante dada, una kipaji”. Karatasi sikusaini, nami sikuuliza. Baada ya miezi kadhaa nikasikia sauti yangu kwenye tangazo lingine kabisa, la bidhaa nyingine. Nilipompigia akasema, “Si ulishanipa?”

Nilimpa lini? Nilimpa nini hasa? Hapo ndipo nilipojiona mjinga, maana ninasoma sheria ya mikataba muhula huu huu.

Na siku hizi hatari imezidi, kwa sababu akili mnemba inaweza kuiga sauti yako kwa kurekodi kidogo tu. Marekani waigizaji wa michezo ya video waligoma kuanzia Julai 2024 mpaka 2025, na ugomvi mkubwa ulikuwa huo huo, sauti yao isinakiliwe bila ridhaa na malipo. Wale wana chama. Mimi nilikuwa na chapati.

Roommate wangu anasema nakuza mambo, “Singida hapa nani atakuita studio? Na hicho Kiswahili chako cha Kinyaturu?” Ni kweli, wenzetu wa Dar wananicheka nikiongea. Lakini mimi naona hapo ndipo tunapokosea. Katuni zetu zikiwa na bibi, kwa nini bibi yule asiongee kama bibi wa Ilongero? Mtoto wa huku naye asikie TV inaongea kama nyumbani kwao. Halafu mwishoni jina la aliyeongea liandikwe, likae kwenye kioo muda wa kutosha mtu kulisoma. Siyo kupita kama bodaboda.

Nimeshaandika karatasi yangu ya ukurasa mmoja: kazi gani, itumike wapi, kwa muda gani, shilingi ngapi, na kuiga kwa kompyuta marufuku. Nimempelekea yule jamaa kwa WhatsApp jana usiku pamoja na bili ya lile tangazo la pili. Tiki mbili za bluu, kimya.

Anayeitaka hiyo karatasi aje chumbani nimpe akatoe kopi. Ila mje baada ya saa kumi na mbili, sasa hivi naenda kupanga foleni ya maji.