Manufaa ya Wengi na Mizani ya Ngara

Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1832, aliishi zama ambazo viwanda vya mvuke vilikuwa vikiwavuta watu kutoka mashambani na kuwajaza mijini. Alifundisha kuwa jambo jema ni lile liletalo furaha kubwa kwa watu wengi zaidi. Fikra hiyo iliafikiana mno na zama za viwanda, kwani kiwanda nacho hukithamini kitu kwa hesabu tu.

Hesabu hiyo imefika Kabanga, wilayani Ngara. Mwaka 2021 Serikali na mwekezaji waliunda kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikipata hisa asilimia 16. Nikeli hutakiwa kwa betri za magari ya umeme, magari ambayo mkulima wa Ngara huenda asiyamiliki maishani. Anayepisha mgodi hustahiki fidia kisheria. Lakini mthamini huhesabu migomba na nyumba. Ujirani hauna bei.

Tena faida yenyewe ina kikomo. Huko Tulawaka, Biharamulo, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2005. Mwaka 2013 African Barrick Gold ikauachia kwa STAMICO. Miaka minane! Shamba la migomba likitunzwa hulisha hata wajukuu.

Wanazuoni wetu nao huzungumzia maslaha. Hata hivyo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikataa abiria mmoja atupwe baharini ili wenziwe waokoke. Kwake, wingi wa watu haukutosha kuwa hoja. Kwa mizani hiyo, fidia ya Ngara ingepimwa kwa hali ya kila familia miaka kumi baada ya kuhama, si kwa siku ya kupokea hundi.