Deni Ni Lako, Aibu Si Yako



Mwezi uliopita simu yangu ililia saa tatu usiku. Nambari siijui. Mtu bila hata salamu ananiambia dada fulani amekopa na ameniandika mimi mdhamini, kwa hivyo nimwambie alipe ama jina lake litatembea. Huyo dada namjua, anasoma chuo hapa Pwani, huja kwenye vikao vyetu. Sijawahi kumdhamini kwa lolote. Nambari yangu waliitoa kwenye simu yake.

Nikampigia. Na hapa wacha niseme ukweli: neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Mbona ukaingia kwenye riba?" Akanyamaza, kisha akakata. Wiki mbili hashiki simu yangu.

Alipokuja kunieleza, kisa chenyewe ni kile kile mnachokijua. Semista imeanza, pesa za mkopo wa masomo hazijaingia, mwenye nyumba anagonga, na nyumbani hakuna kitu. Akakopa 2,000 kwa apu moja. Kulipa ile, akakopa kwa nyingine. Mamake alikuwa ashapigiwa kabla yangu mimi.

Sisi tunajua sana kubishana kuhusu HELB na riba yake ya asilimia 4 kwa mwaka, na ni haki tubishane. Lakini M-Shwari inatoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Piga hesabu ya miezi 12: ni 90. Hiyo tunaibonyeza kimya kimya usiku chini ya shuka. Si kwamba mtu anapenda riba. Amekosa wa kumuendea, maana anajua atakachoambiwa, kama alivyoambiwa na mimi.

Kama uko ndani tayari, sikiza. Deni utalilipa, hilo halina mjadala. Lakini kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukudhalilisha. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kukutisha, kukutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ati umechelewa kulipa. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na si maneno ya karatasi tu: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia nambari za watu hivi hivi. Kwa hivyo usifute zile meseji za matusi. Zihifadhi, andika nambari na saa waliyopiga, peleka malalamishi kwa ofisi ya Kamishna. Ni bure. Angalia pia kama kampuni yenyewe ina leseni ya Benki Kuu, zingine hazina.

Nanyi viongozi wa vyama vya wanafunzi Waislamu: iftar ya kampasi tunachanga, mashallah, hadi biriani linabaki. Sanduku la qardh hasan la 20,000 tu lingewatosha watu 10 kama huyu dada. Mtu aombe faraghani, alipe akipata, na asihojiwe mbele ya watu.

Malalamishi yake tuliyaandika pamoja Alhamisi iliyopita, nyumbani kwao. Mamake alikaa kando muda wote, kisha akamuuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ulikuwa unaniogopa mimi?"