Reli Zilikuwa Bado Zinang'aa

Mtoto wa miaka kama saba alisimama mbele ya meza yangu, pua yake karibu iguse ukingo wa ubao. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamgeukia aliyemleta.

"Babu, treni iko wapi?"

Babu yake akanitazama mimi. Ukumbi ule wa shule, hapa Dublin, ulikuwa umejaa kelele za maonyesho ya reli za modeli. Kwenye meza nyingine zote treni zilikuwa zinazunguka, zinapiga honi, zinaingia kwenye mahandaki ya karatasi na kutokea upande wa pili. Kwangu hakikusogea kitu. Kulikuwa na stesheni, jukwaa, njia za reli, taa, ngazi na mlango uliofungwa.

"Hakuna treni," nikasema. "Hapa ni tarehe 1 Januari 1959. Treni ya mwisho ilipita jana."

Yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba kazi yangu ni nzuri, ila ningeirudisha nyuma miaka mitano tu. "Watu huja hapa kufurahi," akasema.

Sikumjibu siku ile. Namjibu sasa, na ninawajibu wenzangu wote wa klabu ambao wameniambia maneno hayo hayo kwa namna kumi tofauti. Ukijenga modeli ya stesheni iliyofungwa, ukaiwekea treni, jua la alasiri na abiria wenye kofia, na kule kufungwa kwenyewe usikuonyeshe popote, umewasaidia walioifunga. Umewafutia nyayo zao.

Stesheni yangu ni Harcourt Street. Ilifunguliwa mwaka 1859, na mchoro wake ni wa George Wilkinson, msanifu yule yule aliyechora majumba mengi ya kuwafungia mafukara wa Ireland. Kwa mbele ina safu ya nguzo na tao kubwa katikati. Njia ya reli ilikuja juu ya tuta, kwa hiyo abiria alipanda ngazi kwanza ndipo akafika kwenye jukwaa, na chini ya miguu yake kulikuwa na vyumba vya matao vilivyohifadhi mvinyo na pombe kali. Tarehe 14 Februari 1900 treni ya ng'ombe kutoka Enniscorthy ilishindwa kusimama. Kichwa chake kilitoboa ukuta wa mwisho kikabaki kikining'inia juu ya barabara ya Hatch Street, na dereva akapoteza mkono.

Kila mpenzi wa reli hapa anaijua picha ya ajali ile. Nimeambiwa zaidi ya mara moja: mbona usijenge siku ile? Angalia mantiki hiyo. Ukuta uliotobolewa kwa bahati mbaya unaruhusiwa mezani, kwa sababu hakuna aliyeupangia. Mlango uliofungwa kwa makusudi, kwa barua na mihuri, huo unaharibu furaha.

Nilichagua stesheni hii kwa sababu nilikaa miezi mingi nikipita mbele yake kwenda kazini bila kujua ni nini. Nilidhani ni mahakama ya zamani, au benki. Watu waliingia kunywa jioni. Siku niliyoambiwa ilikuwa stesheni nilizunguka nyuma kutafuta reli, nisione hata kipande kimoja.

Kazi ilianzia kwenye upana. Reli za Ireland zina upana wa milimita 1600 kati ya chuma na chuma. Kwa kipimo cha 1 kwa 76 hiyo ni milimita 21. Reli za modeli zinazouzwa dukani kwa kipimo hicho zina milimita 16.5. Wengi hutumia hizo za dukani na siwalaumu; maisha ni mafupi na mabehewa huja yakiwa tayari na magurudumu yake. Lakini tofauti ile ya milimita nne na nusu ilinikera. Nikakata mataruma moja moja, nikayapanga, nikalehemu chuma juu yake, nikapima, nikang'oa, nikalehemu tena. Mke wangu aliacha kuuliza ni lini nitamaliza. Nikamwaga kokoto kwa kijiko cha chai na kuzigandisha kwa gundi iliyochanganywa na maji.

Halafu ukaja ugomvi wa rangi. Mwenzangu mmoja klabuni, fundi hodari kuliko mimi, alinishauri nipake kutu. Stesheni iliyofungwa, akasema, lazima iwe na kutu na magugu, la sivyo watu hawataelewa. Nikapaka kutu ubavuni mwa reli, kama zilivyo reli zote. Juu, pale gurudumu linapogusa, niliacha chuma kitupu na nikakisugua hadi kikang'aa.

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Treni zilipita tarehe 31 Desemba 1958. Usiku mmoja hauleti magugu. Kutu na magugu hutuambia kwamba mahali palichoka pakajifia penyewe. Mng'ao unatuambia kwamba hadi jana watu walikuwa wanasafiri hapa, na leo wamezuiwa. Mng'ao ule ni ushahidi, na ndiyo maana unawasumbua.

Sikiliza lugha inayotumika. "Njia ile ilikufa." "Zama zake zilipita." "Magari yalikuja." Kufa hakuna mtenda. Lakini Kiswahili kina neno jingine, kufungwa, na neno hilo halikai sawa mpaka umwongezee "na" mbele yake. Ilifungwa na nani?

Ilifungwa na CIÉ, shirika la umma la usafiri. Sheria ya Usafiri ya mwaka huo huo wa 1958 ilikuwa imelitaka shirika lijitegemee kifedha ndani ya miaka michache, na ikalirahisishia kuachana na njia zisizolipa. Mwenyekiti wake mpya alikuwa C. S. Andrews. Harcourt Street ikafungwa, na pamoja nayo stesheni za Ranelagh, Milltown, Dundrum, Stillorgan, Foxrock na Carrickmines.

Niwe mkweli, maana hoja inayoficha upande wa pili haifai. Hasara ilikuwepo. Mabasi yalikuwa yamechukua abiria, na wenye magari walikuwa wanaongezeka. Stesheni yenyewe haikuwa katikati ya jiji. Ukishuka bado ulikuwa na mwendo wa miguu. Sehemu kubwa ya njia ilipita mashambani. Aliyekaa na daftari la mapato ya mwaka mmoja hakudanganya alipoandika kwamba njia ile hailipi.

Ila daftari la mwaka mmoja haliwezi kuona nyumba ambazo hazijajengwa. Mashamba yale ya kusini mwa Dublin yalijaa nyumba katika miongo iliyofuata, na watu wake wakaketi kwenye foleni za magari. Wala njia yenyewe haikuwa kikongwe kisichojua mambo mapya. Kabla ya kufungwa ilikuwa na treni za dizeli, na hata zamani zaidi, hadi mwaka 1949, zilipita treni za betri zilizobuniwa na mkemia wa Ireland, James Drumm. Betri! Leo tunaambiwa huo ndio wakati ujao.

Na kufunga hakukutosha. Baadaye reli ziling'olewa, ardhi ikaanza kuuzwa vipande vipande, na daraja lililovuka barabara pale Dundrum likabomolewa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu anaweza kukosea katika kufunga, na aliyekosea anaweza kufungua. Anayeng'oa anawafungia hata wale watakaojua zaidi yake.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Treni ya abiria iliacha kuja nikiwa mdogo mno kuikumbuka. Nilichokijua ni reli zilizolala kwenye nyasi, mbuzi wakilisha kandokando, na sisi tukirukaruka kwenye mataruma tukienda shule. Wakubwa wangu walikuwa wameshakubali kwamba mabasi yamemaliza habari ile. Mwezi Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikaingia tena Moshi. Mama alinipigia simu ya video. Sikuona treni, niliona kwapa la mtu na bendera, lakini nilisikia honi. Ilibidi njia ikarabatiwe, na kazi haikuwa ndogo. Hata hivyo njia ilikuwepo. Upana ulikuwa ule ule, tuta lile lile, stesheni ile ile. Kilichoiokoa hakikuwa hekima ya mtu yeyote. Hakuna aliyepata nafasi ya kuing'oa, basi.

Dublin nako usafiri ulirudi, na ndiyo hoja ninayorushiwa kila mara: si mambo yaliisha vizuri? Tarehe 30 Juni 2004 tramu za Luas zilianza kukimbia kutoka Sandyford hadi St Stephen's Green, sehemu kubwa zikifuata tuta lile la zamani. Zinavuka tena daraja la mawe la Milltown lenye matao tisa, ambalo kwa bahati halikuguswa. Pale Dundrum ilibidi lijengwe daraja jipya kabisa la kuning'inizwa kwa nyaya. Wakaliita kwa jina la William Dargan, mjenzi mkuu wa reli za Ireland wa karne ya 19, kana kwamba angefurahi. Na tramu hizo zina upana wa milimita 1435. Milimita 165 zimepotea njiani, na maana yake ni kwamba treni ya Ireland haiwezi kuingia tena kwenye njia hiyo bila kazi kuanza upya. Mbele ya nguzo za Wilkinson kuna kituo cha tramu kiitwacho Harcourt. Ziko barabarani, chini ya ngazi.

Mimi huzipanda tramu hizo, na hujaa hadi mtu anapumulia shingo ya mwenzake. Abiria "waliokosekana" wamepatikana. Lakini aliyekuwa na miaka ishirini treni ya mwisho ilipopita alikuwa na miaka sitini na mitano tramu ya kwanza ilipokuja. Umri wake wote wa kazi umeishia pale katikati. Kwake yeye mambo hayakuisha vizuri.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu, na wewe unayesoma hata kama hutashika lehemu maishani mwako. Tukisikia "hailipi", tuulize kwa daftari la nani, na la miaka mingapi. Na kama ni lazima pafungwe, pafungwe, lakini chuma kibaki ardhini na ardhi isiuzwe. Nyasi hazidai mshahara.

Kuhusu furaha, yule mzee alikuwa na haki zaidi ya nilivyotaka kukubali. Mjukuu wake alivumilia kama dakika nzima. Akanyoosha kidole, akagusa reli, akasema, "Zinang'aa," kisha akakimbilia meza ya jirani ambako kulikuwa na treni ya moshi inayotoa mvuke wa kweli. Sikumlaumu. Mtoto ana haki ya treni, na ile ya plastiki haimtoshi.

Mwaka ujao nitaileta tena. Safari hii nitaweka kadi ndogo mbele, yenye tarehe, jina la sheria na jina la shirika. Treni sitaweka. Hadi wakati huo ubao uko chini ya kitanda umefunikwa shuka, na kila mwisho wa mwezi ninaufunua na kuzisugua reli kwa kitambaa kikavu, maana chuma kitupu huanza kushika kutu mapema kuliko unavyodhani.