BWANA SHAMBA ASEMA: Bibi Tembo Anajua Yalipo Maji



Watu wengi husema, "Tembo ni tembo tu." Lakini mchungaji hasemi hivyo juu ya ng'ombe wake. Yeye anajua ng'ombe yupi hutangulia malishoni na yupi huvunja zizi. Tembo nao hawafanani tabia.

Kundi la tembo ni la majike na watoto wao. Madume wakikua huondoka. Kiongozi ni jike mwenye umri mkubwa, ndiye bibi yao. Akienda, wote humfuata.

Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mkali katika Hifadhi ya Tarangire. Wataalamu walifuatilia ndama 81. Kwa muda wa miezi tisa walikufa 16. Katika miaka ya kawaida, kati ya ndama 100 hufa kama wawili tu. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza ndama wachache. Kundi kubwa lililobaki ndani lilipoteza wengi.

Kwa nini hawa walibaki? Ukame mkubwa wa namna hiyo ulikuwa umetokea kati ya mwaka 1958 na 1961. Wataalamu wanadhani kwamba majike waliouona ukame ule waliikumbuka njia. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliua tembo wakubwa wengi kwa ajili ya pembe. Aliyeua bibi mmoja wakati huo, huenda aliua na ndama wa mwaka 1993. Na jike hubeba mimba miezi 22! Pengo hilo halizibiki upesi.

Utaniuliza, "Na mahindi yangu je?" Una haki kuuliza. Chakula cha mwaka mzima huisha kwa usiku mmoja. Mara nyingi wanaoingia shambani ni madume, na dume aliyezoea hurudi. Kwa hiyo asubuhi tazama nyayo. Ni za mmoja, au za kundi lenye ndama? Mweleze Bwana Nyama upesi, ili asifukuzwe asiye na kosa.

Zungusha kamba ya mkonge shambani. Ifunge vitambaa vilivyopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali ya kusaga. Mvua ikinyesha, paka tena. Usilime katika mapito yao ya zamani, kwani mwaka wa ukame bibi atapita hapo hapo. Ukikutana nao, usipite kati ya mama na ndama.