Lac Vert ni ya sisi wote: waweke alama za mazuku, waache njia wazi

Vijana wenzetu wa Goma, leo ukisema "Lac Vert", wengi wanakumbuka kwanza mabomu ya tarehe 3 Mei 2024, yaliyoua wandugu waliokuwa wamekimbia vita na kulala pale kambini. Hatutawasahau. Lakini kale kaziwa ka kijani, ndani ya shimo la volkano, kanabaki pia mahali ambapo kijana asiye na franka za kuingia kwenye hoteli za kando ya Kivu anaweza kukaa na wenzake na kupumua, kisha ashuke Bulengo na ndoano yake. Hiyo si anasa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kinamupa pia kazi ya kuyalinda.

Jambo la kwanza ni mazuku. Ile gaze ya kaboni inatoka udongoni, haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana inalala kwenye mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema, saa zile zile wavuvi wanapita. Mutoto na mbuzi wanaanguka mbele ya mutu mukubwa, kwa sababu vichwa vyao viko karibu na chini. Ukiona ndege ao mbuzi amekufa shimoni, usishuke. Mwenzako akianguka mule, usikimbilie kuinama juu yake: ita watu, mutafute kamba. Tunaomba mamlaka, pamoja na wataalamu wa volkano, waweke alama kwa kila shimo linalojulikana, kwa Kiswahili, zisomeke hata na mutoto.

La pili ni njia. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka maji katika mali ya umma. Sasa juu ya nini kuta na portaye zinazidi kufunga kandokando, mpaka mama mwenye bidoni anazunguka mbali? Mwenye parsele ana nyumba yake, hana ziwa.

La tatu ni letu sisi wenyewe. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo wanalisha jamaa nyingi. Ukivua watoto wa samaki kwa chandarua, unakula samaki wa kesho. Na chupa ya plastiki uliyokuja nayo, rudi nayo.

Wengine watasema: watu wanakufa vitani, na ninyi munaongea ndoano? Tunajibu: mazuku haiulizi kama kuna vita. Na inchi tunayoipigania ni hii hii, na maji yake.

Tufanye salongo ya kingo, kila mutaa na siku yake. Na tuendelee kudai, bila fujo na bila kuchoka.