Mshale Unaonyamazisha Maneno

Wako wanaotwambia kuwa sanaa ikitaka kupendwa na wengi sharti ilegezwe. Ushairi umeambiwa hivyo kwa miaka mingi. Leo huambiwa hivyo hata michezo ya kompyuta. Naipinga hoja hiyo kwa kuutazama mfululizo mmoja wa michezo ya kuvaa uhusika, yaani ile ambayo mchezaji humchukua mtu wa kubuni, akamkuza na kumwamulia mambo yake. Mfululizo wenyewe ni The Elder Scrolls, wa Bethesda ya Marekani.

Katika Morrowind, uliotoka mwaka 2002, ukitumwa pahala huonyeshwi, huelezwa. Fuata mto, vuka daraja, lielekee gofu. Maelezo huingia katika shajara, nawe huyasoma, ukavitazama vilima, ukapotea, ukaangukia pango ambalo hukutumwa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Aidha, waweza kumuua hata mtu ambaye kisa kinamhitaji. Mchezo hukuonya kuwa umeukata uzi wa utabiri, kisha hukuachia uamue kurudi nyuma au kuishi na ulilolitenda.

Mwaka 2006 ukaja Oblivion na mshale wake juu ya dira, unaokuonyesha uendako. Watu muhimu hawafi tena, huzimia, wakainuka. Stadi 27 zikawa 21. Katika Skyrim, wa 2011, zikabaki 18, na zile sifa nane za mhusika, kama nguvu na akili, zikafutwa kabisa.

Sisemi kuwa kila kilichopunguzwa kilistahili kubaki. Katika Morrowind upanga ulionekana ukimpata adui, kumbe hesabu za ndani zimekwisha amua kuwa umekosa. Kuondoshwa kwa kero hiyo kulikuwa jambo jema. Lakini kero ni kitu kimoja, na uzito ni kitu kingine.

Watetezi hujibu: asiyeutaka mshale na auzime. Jawabu hilo ni jepesi mno. Mwenye kuuzima katika Skyrim mara nyingi hajui aende wapi, kwani aliyemtuma hakumwelekeza. Maelekezo hayakufichwa, hayakuandikwa. Mwandishi akishajua kuwa mshale utasema, yeye hunyamaza. Dira ya nahodha humwonyesha kaskazini, kisha humwachia mwenyewe upepo, mikondo na miamba. Dira hii humshika mtu mkono hadi mlangoni.

Tutaambiwa kuwa Skyrim umeuzwa nakala zaidi ya milioni 60. Naam, lakini nani alithibitisha kuwa watu hao waliununua mshale, wala si ile nchi pana yenye milima na theluji? Mwaka 2023 Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, mchezo uliojengwa juu ya kanuni nzito za Dungeons & Dragons, ambamo karibu kila mhusika aweza kufa na kisa kikaendelea bila yeye. Uliuzwa mamilioni ya nakala, ukatwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Walioununua ni umma uleule uliodaiwa kuwa hauwezi.

Kumpunguzia mtu taabu ni wema. Kumwondolea sababu ya kusikiliza, kisha ukasema umefanya hivyo kwa ajili yake, ni kumdharau.