Masereka: «Programu ya kuiba haiko ya bure», mchapaji wa siku nyingi asema ukweli

Hapa Masereka, katika milima ya Lubero, kuna sekretaria moja ndogo kando ya barabara inayoelekea Butembo. Panele ya jua iko juu ya mabati, ndani mna kompyuta mbili na mashini moja ya kuchapa. Mwenyewe ni baba wa watoto, wateja wanamwita tu «Papa Sekretere». Anafanya kazi hiyo tangu wakati wa Word 2003. Barua za kuomba kazi, hesabu za mashirika ya wakulima, mialiko ya ndoa, vyote vinapita mikononi mwake. Lakini wateja wanaompa kazi kubwa ni wanafunzi wanaosomea Butembo, wanaopanda nyumbani na kazi zao za mwisho wa masomo ndani ya flashi.

Hivi karibuni msichana mmoja alifika na flashi yake akilia. Zilikuwa zimebaki siku mbili atetee kazi yake mbele ya walimu. Alipofungua flashi, kurasa zake zote za miezi mingi hazikuonekana. Palikuwa tu vialama vidogo vyenye mshale, na kila alipobonyeza kimoja, hakuna kilichofunguka. Mtu mmoja mjini alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kazi imepotea na kwamba afute flashi yote aanze upya.

Papa Sekretere hakufuta kitu. Aliandika mstari mmoja katika dirisha jeusi la amri la Windows: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ambayo kompyuta iliipa flashi ile). Kurasa zikarudi. Virusi hivi haviharibu maandishi, vinayaficha na kuweka mahali pake vialama vya uongo. Mtu akibonyeza kialama, virusi vinaingia ndani ya kompyuta, na kutoka humo vinaruka kwenye kila flashi itakayochomekwa. Wakaaji wengi hawajui jambo hili, ndiyo maana linastahili kusemwa kwa sauti: yeyote atakayeona vialama vya mshale asifute flashi na asibonyeze. Aipeleke kwa mtu anayejua.

Baada ya msichana kuondoka, mzee huyu alitoa maoni yake bila kuulizwa sana. «Ile programu ya kuiba haiko ya bure,» alisema. «Tunailipa kila mwezi, hatuoni tu.»

Ana haki. Karibu kila kompyuta inayofika kwetu imetumiwa kwanza na watu wengine mbali. Inapita Kampala, inavuka Kasindi, na fundi anaiwekea Windows na Office bila kulipa haki ya kuzitumia. Ili programu hizo zikubali kufanya kazi, fundi anaongeza kiprogramu kingine kinachovunja kufuli. Na kiprogramu hicho, kabla ya kuanza, kinaomba antivirusi izimwe. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa. Mtu anazima mlinzi wake kwa mkono wake, halafu anashangaa wezi wameingia. Baada ya miezi michache mashini inakuwa nzito, Word inakataa kufunguka, mwenye mashini anarudi kwa fundi, analipa, anawekewa ileile. Mafundi wanaishi kwa kazi hiyo na hakuna anayewataka wafe njaa. Hata hivyo, mwenye sekretaria anayehesabu vizuri kile alicholipa kwa mwaka mzima, pamoja na siku ambazo mashini ilikuwa kwa fundi na wateja wakaenda kwa jirani, hawezi kusema kwamba Word yake ni ya bure.

Papa Sekretere mwenyewe alikaa miaka mingi katika hali hiyo. Anaipenda Word, hafichi. Anakumbuka Office 2007 ilipoingia na kubadilisha kila kitu: orodha za juu alizozijua kwa moyo zikatoweka, mahali pake ukaja utepe wenye vibonyezo vingi. Na maandishi yakaanza kuitwa docx badala ya doc. Mteja alikuja na docx, mashini ya zamani ikakataa kuifungua, na mteja akafikiri ni mchapaji asiyejua kazi. Tangu siku hizo ana sheria moja: maandishi yakimalizika, yanahifadhiwa mara mbili, moja ya kurekebisha na moja katika PDF ya kuchapa. PDF haisogezi ukurasa. Jedwali halivunjiki, yaliyomo hayabadiliki namba, hata kama mashini ya mjini ina Word nyingine. Wanafunzi wanaochapisha kazi yao moja kwa moja kutoka Word katika mashini wasiyoijua, halafu wanakuta ukurasa wa 12 umekuwa wa 13, wangeokoa karatasi na feza kwa kufuata sheria hii tu.

Juu ya umeme anasema kidogo, kwa sababu kila mtu anajua. Mawingu yakifunika milima, batri inashuka. Word, ikiachwa jinsi ilivyokuja, inajiwekea nakala ya kujiokoa kila dakika 10, na katika dakika 10 mchapaji mwepesi anaweza kupoteza ukurasa mzima. Yeye ameweka dakika 1, na kidole chake kinabonyeza Ctrl na S bila hata yeye kufikiri.

Linalomkera zaidi ni mistari myekundu. Mashini zetu zinazungumza Kifaransa, basi Kambale, Kasereka, Kakule, Masika na Kavira, majina ambayo nusu ya Masereka inaitwa, yote yanapigwa mstari kama makosa. Mtu anaweza kucheka. Lakini mchapaji mchanga anayechapa orodha ya wanafunzi wa shule usiku, akiona mistari mingi, anabonyeza «kusahihisha» bila kuangalia, na mtoto anapata jina ambalo baba yake hakumpa. Jina likikosewa herufi moja kwenye karatasi za shule, mzazi anaweza kuzunguka ofisi nyingi kabla ya diploma kutoka vizuri. Dawa ni ndogo: kubonyeza jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua «Ajouter au dictionnaire». Kamusi ya Papa Sekretere sasa inajua majina ya mitaa yote ya hapa. Kila mashini inapofutwa na kuwekwa upya, kamusi hiyo nayo inapotea. Hiyo ni gharama nyingine ya programu ya kuiba ambayo hakuna anayeiandika katika daftari.

Ndiyo sababu katika kompyuta moja ameweka LibreOffice. Programu hii ilianza mwaka 2010, ikitoka katika OpenOffice, na inaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa bila malipo. Sheria yake yenyewe inasema hivyo, si upendeleo wa fundi. Ina uzito wa zaidi ya megabaiti 300. Kwa megabaiti tunazonunua hapa ni mzigo, lakini mtu mmoja akiipakua Butembo, sekretaria zote za Masereka zinaweza kuipata kwa flashi moja, safi. Inafungua doc na docx. Hata mialiko ya ndoa ya zamani iliyotengenezwa katika Publisher, inajaribu kuifungua. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa Microsoft imetangaza kwamba Publisher itaachwa mwezi wa Oktoba 2026.

Na lugha? Watu husema kompyuta haitasema Kiswahili kamwe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni moja ya Sweden, walitoa OpenOffice kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu programu ile iko wazi, kila mwenye ujuzi anaweza kuigusa. Kwa njia hiyohiyo, vijana wetu waliosomea informatiki Butembo wangeweza kutengeneza kamusi ya Kinande ya kuondoa mistari myekundu, pasipo kuomba ruhusa Marekani.

Papa Sekretere hasemi kwamba LibreOffice haina kasoro. Kazi yenye majedwali mengi ikitoka kwake na kufunguliwa katika Word ya mwalimu, mara nyingine inasogea. Kuna walimu wanaotaka Word na si kitu kingine, na mwanafunzi hawezi kubishana na mtu atakayempa pointi. Hapo anarudi kwenye kompyuta ya pili. Jambo moja tu anakosea. Anawakemea vijana wanaoandika kazi zao kwenye simu, anasema huo si uandishi. Kijana asiye na kompyuta, anayechapa kurasa 40 kwa vidole gumba usiku ili alipe sekretaria saa moja tu ya kupanga, hastahili kukemewa.

Kompyuta hiyo ya pili ndiyo inayompa mawazo sasa. Ina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na mashini yake ya mitumba haina. Fundi mmoja amekwisha kumwambia kwamba anaweza kulazimisha Windows 11 iingie, kwa kufuli kuvunjwa tena. Mwingine anamshauri aweke Linux, ambayo nayo ni ya halali na bila malipo, na inakubali mashini za zamani.

Shule zetu za sekondari zinazofundisha informatiki zingeweza kumsaidia yeye na wengine kama yeye. Mwanafunzi akijifunza LibreOffice darasani, hataiogopa akiikuta sekretaria, na akiwa mwalimu kesho hatadai Word kama sharti. Kwa sasa watoto wengi wanajifunza Word, tena ya kuiba.

Msichana yule alitetea kazi yake. Kabla hajashuka mjini, Papa Sekretere alimpa flashi mbili badala ya moja, kila moja ikiwa na PDF, na kumwambia moja aiweke kwenye begi, nyingine mfukoni. Mashini yenye Windows 10 bado inafanya kazi. Ameitoa kwenye intaneti, na flashi za wateja sasa anazifungua kwanza katika ile ya LibreOffice.